Miaka Mitano kati ya Saba

Asubuhi, upande wa Nebraska, mimi ni wakili.
Nalipa ushuru kibandani, navuka daraja la Decatur,
Mto Missouri chini yangu umejaa tope na magogo,
na tairi za mbele zikigusa Iowa
sheria yote niliyo nayo inanitoka
kama mvuke wa kahawa.
Huku mimi ni binti wa Wilma Osterkamp tu,
nimekuja kumbadilishia mama shuka.

Walisema: hutafanya mtihani.
Waliokomaa kazini huingia kwa mlango wa pembeni,
wakionyesha miaka mitano ya uwakili kati ya saba.
Nikashusha pumzi. Nina miaka hamsini na minane;
yale ya kukariri usiku kucha
yalishaniaga pamoja na rangi ya nywele zangu.

Ndipo bahasha ikafika.

Taja kila mahali ulipoishi.
Nikaandika chumba cha juu ya duka la rangi,
nikaandika shamba la baba,
kalamu ikagoma kwenye zile wiki sita za Novemba
Dwayne alipobadilisha kufuli
nikalala garini nyuma ya ghala la mahindi,
suti ya mahakamani ikining'inia dirishani
kama mtu anayesubiri niamke.
Anwani?
Nikaandika: Chevrolet ya buluu. Ilikuwa na joto la kutosha.
Nikaifuta sentensi ya pili,
maana chini ya ukurasa kulikuwa na kiapo.

Taja madeni. Taja aliyewahi kukushtaki.
Leta alama za vidole.
Askari wa kaunti alikuwa Cody Brandvold,
niliyemtetea akiwa na miaka kumi na sita
kwa trekta la jirani lililokutwa ziwani.
Akanishika kidole kimoja kimoja,
akakibiringisha kwenye wino, akasema,
"Legeza mkono, Verlene. Usinisaidie."

Kisha hesabu.
Miezi themanini na minne; wanataka sitini.
Toa kumi na minne: mto uliingia ofisini
ukakaa kwenye kiti changu.
Wosia za watu zilielea. Nilizianika uani
kwa vibanio vya nguo, kama soksi,
siku baada ya siku nikigeuza upande wa pili,
na kanuni haiiti hiyo kazi.
Toa tisa: kiharusi cha mama.
Inabaki sitini na mmoja.
Nikarudia, kwa vidole vyenye wino.
Sitini na mmoja.

Karani alipiga simu kutoka Des Moines,
sauti changa, yenye mafua.
"Wakati ule wa kuanika, ulikuwa ukishauri wateja?"
"Nilikuwa nikisoma majina yao kwa sauti,
nijue nani hajakauka."
Kimya. Kalamu yake ikagonga meza.
"Siwezi kuandika hivyo," akasema,
na nadhani alitaka.

Barua ya mahakama bado.
Jirani wa mama ana ugomvi wa uzio,
kila jioni hunisimulia, kila jioni namjibu
kwamba hali ya hewa ni nzuri.

Jana mama, kwa ule upande wa mdomo unaotii:
"Wamekuuliza sheria gani?"
Hakuna.
"Hata moja?"
Wameuliza nililala wapi.

Nakala ya fomu ilikuwa mezani, kando ya uji.
Mkono wake mzima ukatambaa juu ya karatasi,
ukapita shamba, ukapita duka la rangi,
ukasimama.
"Novemba," akasema.
Nikainuka kuosha bakuli lililokuwa safi.
"Dakika ishirini, Verlene. Daraja moja."

Ushuru ulikuwa dola moja.
Nilikuwa nayo.