Daftari la Eluned

Jumanne, Merthyr, mvua nyepesi.
Ifor na Cadi wanaburuta tairi bovu,
wanalipandisha kilima cha matope.
Naandika: dakika nne, halijafika.

Mkono wangu wa kulia una kalamu.
Wa kushoto unaniwasha, unataka kusaidia.

Jana niliuacha utende. Nikawaelekeza,
"Pitieni huku, pana ngazi."
Wakapita. Tairi likafika juu,
na mchezo ukafia palepale
kama moto uliomwagiwa chai.
Hilo nalo nililiandika, kwa herufi ndogo.

Leo nimeukalia mkono.
Tairi linawaponyoka, linabingirika,
linagonga pipa, mbwa wa jirani anabweka,
nao wanaangua kicheko hadi wanakaa chini.
Kumbe hawakuwa na haja ya kilele.
Walitaka kuliona likirudi.

Ijumaa, kwenye kikao, wenzangu wataniuliza:
"Na wewe ulifanya nini?"
Niliukalia mkono.
Sijui kama fomu ina kisanduku cha hilo.

Cadi anakuja, matope hadi kwenye nyusi.
"Eluned, unaandika nini kila siku?"
Nampa kalamu ajaribu.
Anachora duara, limepinda,
kisha anakimbia nayo kilimani.