Herufi Mbili

Kilomita sita kutoka barabarani,
na Oiva, mwenye miaka tisa, amebeba mgongoni
soseji zote za kikosi bila kunung'unika.
Langoni pa kambi, kibao, maandishi ya chaki:
Msitu mkavu. Moto marufuku.
Akasoma. Akasoma tena.
Akakaa juu ya mkoba wake akalia kama aliyefiwa.

Mimi nilifika Hukkalampi mara ya kwanza
nikiwa na miaka kumi na mmoja na kisu kipya.
Safari hii nimekuja na sufuria:
Raili, mama yake Pinja, mpishi wa kujitolea,
goti la kulia bovu.

Tellervo, kiongozi wetu, ana miaka ishirini
na husema na watoto kama anayesoma risiti.
Hema pale palipokwisha kulalwa,
si juu ya uoto ule mweupe
unaovunjika chini ya buti kama biskuti
na kutaka miaka thelathini ili urudi.
Maji ya vyombo, hatua sitini kutoka ziwani.
Chooni, kikombe cha unga wa mbao
baada ya kila shughuli.
"Kila shughuli?"
"Kila shughuli, Oiva."
Hapo kicheko kikamshinda na kilio.

Soseji tulizichemsha kwa jiko la gesi
juu ya mwamba, miguu karibu iguse maji.
Zikatoka zimepauka kama vidole vilivyozidi kuoga.
Oiva alikula nne.
Kisha tukalizunguka duara la mawe
lenye majivu ya mwaka jana,
sisungura wakipita humo bila kuomba ruhusa,
na tukautazama, kwa mazoea tu,
moto usiokuwepo.

Usiku haukuja.
Jua lilishuka hadi vileleni, likaingiwa na uvivu, likabaki.
Mbu walikuwa na kazi ya kufanya.
Pinja akauliza, "Mama, zamani ulilala wapi?"
Nikamwonyesha.
Ule msonobari sikumwonyesha.

Niliuendea peke yangu saa saba,
katika mwanga usiojua ni wa jana au wa kesho.
R na K.
Midomo ya gome imevimba kuzizunguka,
utomvu umekauka kama chozi la mshumaa.
Miaka yote nilidhani zimepanda juu,
hazionekani tena, mti umekwenda nazo.
Kumbe mti hukua kwa kichwa;
jeraha hubaki pale lilipotiwa.
Aliyepanda ni mimi:
zilikuwa usawa wa macho, sasa zinanigusa kifua.

K alikuwa Kauko. Siku ya tatu aliumwa sikio,
baba yake akaja kumchukua.
Sikumwona tena, wala sikumtafuta.
Habari tuliyoitupa wenyewe
mti umeibeba majira thelathini na moja ya theluji.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu.
Mwenyeji huyu alipona. Si kwa mkono wangu.

Siku ya kuondoka tulijipanga mstari, bega kwa bega,
tukapekua ardhi polepole:
kifungo, plasta, kipande cha kamba ya buluu.
Pinja aliinua nyasi zilizolaliwa, jani moja moja,
kwa kijiti, kama anayemchana mgonjwa nywele.
Oiva akaleta kizibo cha chupa chenye kutu
cha soda ambayo haiuzwi tena.
"Hiki si chetu."
"Kibebe tu," nikasema, haraka mno,
na Tellervo akanitazama.

Mvua ilianza tulipofika barabarani.
Oiva aligeuka, uso umekunjwa,
mkoba wa soseji sasa umejaa taka,
akautolea msitu ulimi.
Hata sasa sijui
alikuwa anautukana au anakunywa.