Hamsini na Tisa

Asubuhi nimeiponda ncha ya mzizi kati ya vioo viwili
kwa kidole gumba, kama mtu anayeua kupe.
Nikaitia rangi, nikaisogeza chini ya hadubini, nikahesabu kromosomu.
Hamsini na tisa.
Nikapiga chafya. Nikaanza upya.

Gugu lenyewe nimeling'oa jana kijijini Ffrith,
ukutani kwa Eluned Prydderch, aliyetoka na beseni la nguo
kuniuliza kama nimetumwa na halmashauri.
Nimekuja kuhesabu, nikamwambia.
"Kuhesabu nini? Hilo gugu tu."

Basi nikamsimulia, tumelowa sote wawili:

mama mtu ni wa hapa hapa, wa nyufani na bustani za kabichi,
ana arobaini, na ua lisilo na petali za kujivunia.
Baba katoka miteremko ya mlima wa moto, Sisilia.
Walimfuga Oxford, katika bustani ya wasomi; akaruka ukuta.
Reli ilipokuja akakuta kokoto zake
zafanana na majivu ya kwao,
akadandia treni bila tiketi, stesheni hata stesheni.
Yeye ana ishirini.

Mtoto akarithi nusu huku, nusu huku:
ishirini na kumi, thelathini.
Zilipotafutana zishikane mikono
nyingine zikakosa wa kushikana naye.
Tasa. Nyumbu wa majani.

Hadithi ingeishia hapo,
ila siku moja, hakuna aliyeona,
seli ilijiandaa kugawanyika
ikaghairi.

Thelathini mara mbili. Kila moja na pacha wake.
Mbegu zikashika, na mama na baba
wakawa watu baki.

Eluned akakamua soksi. "Kwa hiyo ni Mwelshi?"
Nikasema vitabu vimempa jina lake mwenyewe.
Sikumwambia la kwetu: neno geni likiingia
hatuliulizi pasipoti, twalitafutia ngeli
tuone litapatana na nini.

Shangazi Mwanakombo alihesabu mizani kwa vidole,
na mstari ukipunguka mmoja
alimrudisha mtunzi mlangoni, hata kama ni mgonjwa.

Nazungusha kirekebishi, unywele mmoja tu.
Ile ya pembeni, nene kuliko wenzake,
inapasuka kuwa mbili.
Moja ilikuwa imelala juu ya nyingine.
Naandika kwa penseli: 60.
Halafu nahesabu tena.