Mbuzi wa Jabal Akhdhar

Birkat al-Mauz polisi walitusimamisha,
wakachungulia chini ya gari kama daktari wa meno:
magurudumu yote manne yanavuta? Yanavuta. Piteni.
Shangazi Rayya, kiti cha nyuma, alihesabu kona
kwa Kiswahili, kimyakimya, midomo ikimcheza.
Alifika thelathini na saba, akapotea, akaanza moja.

Tulikwenda kuona mbuzi-mwitu,
yule wa magenge, pembe zimelalia nyuma,
ambaye waliobaki, wanasema, ni wa kuhesabika.

Kituo cha wageni ni nyumba ya watu.
Ilikuwa. Mawe na udongo, dari ya magogo ya mreteni,
mlango mfupi unaokulazimisha
kuingia na salamu kichwani.
Wameikarabati. Kiyoyozi kimekaa juu ya shubaka la taa,
na palipokuwa jiko pana meza ya vijitabu.
Shangazi akanusa.
"Hapa palipikwa," akasema. "Moshi hauhami,
hata umpake chokaa."

Yaarub, askari wa hifadhi, kijana wa Saiq,
kofia yake imetobolewa vijishimo kwa sindano ya mama yake,
akatuonyesha fuvu, akatuonyesha kinyesi cha mbweha kichupani,
na picha ambazo kamera ilinasa usiku:
macho mawili, na lililobaki giza.

Kisha kabati la kioo.
Kinu. Mrashi wa shaba. Bunduki isiyo na mtambo.
Na ubao wa kukunja, miguu imepishana,
ulimi wa chuma wenye meno umechomoza mbele.
Kibandiko, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza:
*Marufaa ya msomi. Chuma huenda ni cha kushikia kurasa.*

Shangazi alicheka hadi buibui likamvuka bega.
"Marufaa! Wallahi, msomi huyu kasoma nazi!
Mbuzi huyu, jamani. Mbuzi!"

Nikamtafsiria Yaarub neno moja tu.
Akageuka upesi dirishani, darubini mkononi:
"Wapi?"

Ilichukua muda kumrudisha kwenye kioo.
Mlima huu ni wa makomamanga na waridi,
mnazi wa karibu uko Salala, mwendo wa kutwa.
Nani aliyafunga meno haya ndani ya kanga,
akayapandisha kwa punda ngazi kwa ngazi hadi huku?
Na akishafika, alikuna nini?
Ubao umelika katikati, unang'aa, una umbo la mtu.
Alikuwa akiukalia, basi. Labda jioni, bila nazi,
kwa ajili ya kukaa tu.

"Nifungulie nikae," alisema Shangazi.
Yaarub alisikitika: funguo ziko Maskati.
Basi Shangazi akachutama pale pale mbele ya kioo,
sabini na mbili, magoti yakalia kama kuni kavu,
mikono imekamata kifuu kisichokuwepo,
akazungusha, akazungusha,
na mimi, Mungu anisamehe, nilitazama chini yake
kama tui la kichwa lingehitaji bakuli.

Yaarub hakucheka.
"Bibi yangu," alisema, "mama wa mama,
alikuwa akituita *mwanangu*, *mwanangu*.
Sisi tulidhani ni jina la mtu aliyekufa."

Akatoa kalamu. Kibandiko kitabadilishwa, akaahidi,
ila aandike nini? Akisema mbuzi,
ndani ya hifadhi ya mbuzi,
wageni watamtafuta mwenye kwato.
"Waache watafute," alisema Shangazi. "Sisi je?"

Nje, ukungu ulikuwa umekalia bonde.
Genge tupu. Tulisubiri saa nzima,
kahawa ikapoa, tende zikaisha,
hakuna pembe, hakuna jiwe lililobingirika.

Mlangoni kuna daftari la wageni.
Jina. Nchi.
Shangazi aliandika Omani, akatia mkato,
akaiacha kalamu hewani kidogo, akaendelea chini.
*Wanyama mlioona:*
*Mbuzi, mmoja. Jike.
Meno yote yamo.*