Barabara ya Sifuri

Mhadhiri alisema kompyuta huanzia sifuri.
Nikaandika, sikuamini. Mimi mtoto wa Ngamiani;
barabara zetu huanzia ya kwanza.

Likizo nimemtungia mama programu ya madeni ya cherehani.
Inawataja wateja wote, isipokuwa Bi Mwanahamisi Mbaruku,
wa juu kabisa daftarini,
magauni mawili tangu Mfungo Mosi.
"Mashine yako imemsamehe?"
mama kauliza, pini zi mdomoni.

Siku ya tatu ndipo nilipoiona ile moja.
Nikaifuta, nikaweka sifuri.
Bi Mwanahamisi huyo, na deni lake.

Jioni nikashuka hadi relini,
kabla ya Barabara ya Kwanza,
nikasimama pale pasipo na kibao.

Kumbe napo watu wanakaa.