Kisu cha Suruali ya Harusi

Suruali ni ya sufu nyembamba, rangi ya jivu,
imeshonwa Clermont kwa ajili ya harusi ya Maëlle,
na fundi, mtoto wa juzi, akaniomba kwa adabu
nisitie kitu mifukoni.
Hata leso? Leso, sawa, mzee.
Na kisu?
Akacheka. Alidhani natania.

Miaka arobaini na mitatu sijatoka nyumbani bila kisu.
Nilipokuwa tarishi nilikatia kamba za vifurushi,
soseji, kucha, tawi lililoziba njia,
na mara moja kitovu cha mwanakondoo, huko milimani,
mvua inanyesha na mwenye kondoo hayupo.
Mwenye kisu ndiye alaye nyama, husema watu.
Mimi nyama niliiona kidogo. Mikate, mingi.

Lakini kile cha zamani ni jitu:
mpini wa pembe, kizibuo cha chupa, msumari wa kutobolea ngozi.
Katika suruali ya kazi kilikaa kama ng'ombe zizini.
Katika hii ya sufu kinavuta kiuno upande mmoja
na kujichora chote pajani,
wakwe waone, waanze kuulizana.

Basi Jumanne nikashuka Thiers, nikapanda ule mtaa wa ngazi,
suruali mpya nimeivaa chini ya koti la mvua,
maana kisu cha mfukoni hakichaguliwi kwa macho.

Bi Chassaing akatandika kitambaa kaunta.
Cha kwanza: mpini wa mzeituni, kizuri mno,
kama kijana anayejua kuwa yeye ni mzuri.
Kikaingia mfukoni kikakingama.
Cha pili kilikuwa cha chuma kisichojua kutu,
na kisichojua kutu hakitanijua na mimi.
Cha tatu alikitoa kwenye droo ya chini,
kifupi kuliko kidole changu cha kati,
unene wa sarafu nne,
makali ya chuma cha kale, kitakachobadili rangi kwa tofaa la kwanza,
mpini wa manjano kama siagi ya Mei,
ncha zote mbili mviringo.
Nilipokifunga kilisema *ta*,
kama mtu aliyekubali jambo asiulizwe tena.

Tembea, akasema Bi Chassaing.
Nikatembea hadi dirishani.
Keti. Nikaketi.
Inama uokote kitu.
Nikaokota kisichokuwepo.
Kisu kikanifuata kote, kimya.

Bado nilikuwa napapasa, mkono ndani hadi kifundo.
Unatafuta nini, Bwana Anselme?
Pembe, nikamwambia. Pembe itakayotoboa bitana.

Sikumwambia habari za Ghislaine,
aliyezipindua suruali zangu zote mezani jikoni
kila Novemba, akaziba matundu ya kisu
kwa uzi wowote uliokuwa karibu:
mwekundu, wa buluu, mwaka mmoja uzi wa kufungia nyama.
Chagua, alikuwa akisema, mimi au hilo panga.
Na huku anashona.
Huu mwaka wa tatu hakuna anayeshona.
Sarafu zangu huteremka mguuni hadi kiatuni,
na mimi hutembea nikilia njugu kama farasi wa sarakasi.

Nikalipa euro sitini na mbili.
Nikakataa kisanduku.

Jumamosi, hotuba zikarefuka hadi supu ikapoa.
Maëlle akainama sikioni pangu: Baba, uzi huu.
Ulikuwa umechomoza pindoni pa gauni.
Nikaukata. Hakuna aliyeona kisu kimetoka wapi,
wala kimerudi wapi.

Kisha kidole, kwa mazoea,
kikashuka kutafuta lile fundo la uzi,
gumu, kama punje ya mchele, kwenye kona ya chini.
Kikazunguka. Kikazunguka tena.
Kitambaa laini tu, juu hadi chini,
na kisu kimelala humo, chepesi,
hakijadhuru kitu.