Mpaka Benchi la Nyuma

Bi. Shemdoe kaniachia agizo mezani, kwa wino wa kijani:
"Picha zisomeke mpaka benchi la nyuma.
Pale hukaa Mzee Mhina, na miwani yake kaivunja mjukuu."

Basi nimejifungia stoo ya kituo cha maziwa, Pongwe,
mimi, kompyuta, na feni inayolalamika,
madebe matupu yamenizunguka
kama wasimamizi wa mtihani.
Kesho ukumbini tunawafundisha wafugaji
kuzisoma lita zao kwenye simu.

Picha ya kwanza ya skrini niliipiga kwa pupa.
Ikabeba kila kitu: saa, betri asilimia kumi na moja,
tangazo la bando, na ujumbe wa dada kutoka Chumbageni:
*Ile elfu ishirini vipi, au umehama nchi?*
Nikaliona deni langu limetandazwa ukutani,
upana mita mbili,
wafugaji wanalihesabu.
Nikazima arifa zote. Nikaanza upya.

Ya pili ilikuwa ndogo. Nikaivuta pembe, ikavutika,
herufi zikavimba, zikaota manyoya,
nane ikafanana na sita, sita na tone la mafuta.
Picha si donge la chapati, ulisukume litanuke.
Ukitaka kikubwa, kikuze kabla hujakipiga;
ukishakipiga kidogo, kidogo ndicho ulichonacho.

Nikakuza maandishi mpaka ikaenea mistari mitano tu.
Nikakata kingo. Nikakata tena.
Kijivu nikakiondoa, maana projekta yetu ina taa ya uzeeni
na ukuta wa ukumbi una rangi ya samli.
Nyeusi juu ya nyeupe. Mshale mmoja mwekundu.
(Niliweka minne kwanza. Ikawa kama mawifi jikoni,
kila mmoja anaelekeza.)

Kisha majina. Ya watu hayaanikwi.
Nikapitisha utepe mweusi juu ya kila jina,
nikabakisha siku na lita, siku na lita,
na hapo, kwa ukubwa ule, ndipo nilipoona:
mstari wa tatu.
Jumatatu sifuri. Jumanne sifuri.
Jumatano, Alhamisi, sifuri.
Sifuri nene, safi, zisizo na ukungu hata chembe.
Namba hizi nazinakili mimi, kila jioni,
kwa herufi ndogo kama kunguni,
na sikuwahi kusimama.

Nikarudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Hatua kumi na mbili.
Zilisomeka.

Asubuhi tukaziba madirisha kwa magunia ya katani.
Nikaeleza: hapa unabofya, hapa unasubiri,
ufuate mshale. Wakanong'ona, wakaafiki,
mtoto mmoja akalilia maandazi.
Picha ya sita ikapanda ukutani.

Mzee Mhina akasimama, macho kayafinya.
"Umeziba jina, mwanangu, vizuri.
Lakini hizo sifuri ni zangu.
Ndigana ilimchukua Sikitu Jumapili,
na maziwa ya nyumba nzima yalikuwa yake."

Bi. Shemdoe akageuka. "Mbona hukutuambia?"

"Nilidhani mnaona," akasema, bila hasira.
"Si nyie ndio mnaoandika?"

Feni ya projekta ikavuma peke yake.
Picha ya saba ilikuwa tayari:
namna ya kubadili neno la siri,
mshale mmoja, rangi imekolea, kingo zimenyooka,
kazi yangu nzuri kuliko zote.
Kidole kilikuwa juu ya kitufe.
Sikukibonyeza.